Petroli, asidi au lithiamu: pikipiki ipi inafaa milima ya Mbeya?

Mtoto wa kaka yangu anaendesha bodaboda kijiwe cha Uyole, na kwa miaka mitatu chombo alichoendesha ni cha tajiri. Kila jioni anapeleka hesabu, kinachobaki ndicho chake. Mwaka huu viazi vyangu vilikubali, nikamwambia tutafute pikipiki ya kwetu, atanirudishia kidogo kidogo. Nilidhani jambo litaishia dukani siku hiyo hiyo. Akaja na swali: "Shangazi, tuchukue ya petroli au hizi za umeme?"

Sikuwa na jibu, na hela ya viazi si ya kubahatisha. Tukatumia wiki sita kuazima, kupima na kuuliza mafundi. Mita ya LUKU nyumbani kwangu haijawahi kusomwa mara nyingi namna ile. Nayaandika kwa ajili ya mtu anayeishi kwenye miinuko yetu, Iringa, Njombe, Mbeya hadi Tukuyu, kwa sababu ushauri mwingi ninaousoma umetoka kwa watu wa Dar es Salaam, ambako barabara ni tambarare.

Zilizokuwa mezani

Ya kwanza ni ile kila mtu anaijua, petroli ya cc 125 au 150. Ya pili ni ya umeme yenye betri za asidi. Ya tatu ni ya umeme yenye betri ya lithiamu. Hizi mbili za mwisho zinasimama pamoja dukani, rangi moja, tairi moja, na muuzaji anaziita zote "ya umeme". Mimi naona tofauti kati yake ni kubwa kuliko tofauti ya umeme na petroli.

Ya asidi mara nyingi ina betri sita za volti 12 zilizoungwa mpaka zikafika volti 72. Fungua kiti uzihesabu. Ya lithiamu huwa ni boksi moja, aghalabu lenye mpini wa kubebea, na lebo yake ina herufi LFP au LiFePO4, yaani lithiamu iliyochanganywa na chuma na fosfeti. Muuzaji akishindwa kukuonyesha lebo, muage uende duka jingine.

Kwenye lebo hiyo tafuta namba mbili uzizidishe: volti mara ampia-saa. 72 mara 20 ni wati-saa 1,440, karibu uniti moja na nusu (uniti ya LUKU ni wati-saa 1,000). 72 mara 40 ni wati-saa 2,880, karibu uniti tatu. Hilo ndilo tangi lenyewe. Tangazo linakuandikia kilomita, na kilomita hizo zimepimwa kwa mtu mmoja, mwendo wa taratibu, barabara iliyonyooka. Abiria wa Uyole anapanda na mzigo wake.

Mlima ndio uliotuamulia

Hesabu ya mlima ni rahisi na inafaa kila mtu aifanye kabla ya kulipa. Pikipiki, dereva na abiria wakifika kilo 250, kuwapandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji wati-saa 68, hata kama mota isingepoteza chochote. Ukiweka na kinachopotea njiani, andika 85. Kwenye tambarare, pikipiki ya namna hii inakula wati-saa 30 hadi 40 kwa kilomita. Kwa hiyo kila mita 100 za kimo ni sawa na kuongezewa kilomita mbili na nusu hivi ambazo ramani haikuonyeshi. Simu yenye GPS inasoma kimo. Tulipita nayo njia za kila siku za mtoto, Mwanjelwa, Soweto, Igawilo, Itezi, tukaandika kila inapopanda.

Kisha tukaazima ile ya asidi kwa siku moja. Tulifunga gunia la viazi nyuma kwa mpira, akaelekea Mlima Nyoka, mimi nikifuata kwa pikipiki ya mwenzake. Kabla ya kupanda kioo kilisoma volti 76. Alipokolea mlimani namba ikaanza kushuka, 74, 71, 69, na sauti ya mota ikawa nzito. Alipofika juu na kuachia mkono, namba ikarudi 74. Akadhani kioo ni kibovu. Jioni, betri ikiwa imeshafanya kazi ya siku, alianza mlima ule ule na 73. Ikashuka mpaka 63, pikipiki ikazima katikati ya njia. Tulisukuma pembeni, tukakaa dakika kumi, namba ikapanda tena hadi 71.

Kioo hakikuwa na kosa. Betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu, volti zake zinaanguka, na sehemu ya umeme uliomo ndani haitoki kwa kasi ambayo mlima unaitaka. Kontrola, kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota, ikiona volti zimeshuka mno inakata ili betri isife. Umeme ulikuwemo, ila haukuwa wa kupandia. Kwa mtu wa tambarare hilo ni usumbufu mdogo. Kwa kijana mwenye abiria mgongoni na lori la mizigo linakuja nyuma yake, hilo ni jambo la uhai, na siku ile ndipo mimi niliacha kabisa kuifikiria ya asidi, ingawa ndiyo iliyokuwa na bei nafuu kati ya zile mbili za umeme.

Ya lithiamu, gunia lile lile, mlima ule ule, ilitoka 79 ikashuka 77, basi. Ila nayo ina tabia yake ya kuijua. Volti za LFP hazibadiliki sana kuanzia betri inapokaribia kujaa mpaka inapokaribia kuisha, halafu mwishoni zinaanguka ghafla. Kioo cha bei rahisi kinachokadiria chaji kwa kuangalia volti peke yake kinaweza kukuonyesha nusu wakati umebakiwa na robo. Uliza kama betri ina mfumo unaohesabu umeme unaoingia na kutoka, au weka kanuni yako ya kilomita. Mtoto ameweka ya kwake: akifika kilomita 55 anarudi kuchaji, kioo kiseme kinachosema.

Petroli nayo mlima unaionea, kwa namna nyingine. Injini inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda hewa inapungua. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, na Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi. Ndiyo maana pikipiki ya cc 125 yenye abiria wawili ukiipandisha Kawetere, njia ya Chunya, inalia gia ya kwanza muda wote. Mota haivuti hewa, nguvu yake ya Mbeya ni ile ile ya pwani, na inasukuma kwa nguvu tangu tairi linapoanza kuzunguka. Petroli mlimani inapungukiwa nguvu, umeme unapungukiwa akiba. Aliyebakiwa na petroli kidogo atapata chupa ya lita moja hata kijijini. Aliyeishiwa chaji atahitaji saa kadhaa na nyumba ya mtu mwema.

Na kuna kushuka, ambako wengi hawakuangalii. Pikipiki ya petroli ukiweka gia ya pili, injini inakushikilia. Nyingi za umeme zinateleza tu, na hata zile zinazorudisha umeme kwenye betri wakati wa kushuka, kinachorudi kwenye pikipiki ni kidogo. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi unazichemsha breki. Ukinunua ya umeme, chukua yenye diski mbele na nyuma, na pedi zikaguliwe mapema kuliko ulivyozoea.

Hela kwa hela

EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, na Mbeya tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kwa ajili ya safari ya lori. Nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka ya mwezi wako. Pikipiki ya petroli yenye abiria kwenye milima yetu tuliipima kilomita 40 kwa lita. Hiyo ni shilingi 75 kwa kilomita, na kwa siku ya kilomita 100 ni 7,500, bado oili.

Upande wa umeme nilipima mwenyewe. Usiku nilizima taa zote na friji, nikasoma mita, nikachomeka chaja, alfajiri nikasoma tena. Betri ya wati-saa 2,880 iliyokaribia kuisha ilikula uniti 3.3. Kinachozidi ndicho joto unalolisikia ukiigusa chaja. Kwa njia zetu za mlima, kilomita moja inakuwa wati-saa 46 za mita. Uniti kwa mteja wa kawaida, T1, ni shilingi 292, na ukiweka VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA inafika kama 356. Kilomita moja ni shilingi 16 na senti. Kilomita 100 ni 1,640 hivi.

Tofauti kwa siku ni karibu 5,860, na kwa siku 26 za kazi ni kama 152,000. Lakini usiishie hapo kama muuzaji anavyoishia. Nyumba nyingi ndogo ziko kwenye D1, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti kwao ni shilingi 100, au 122 ukijumlisha makato. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku inakula peke yake uniti 120 kwa mwezi. Ukiichajia nyumbani unaaga D1, na taa, redio na friji vyote vinahamia bei ya juu. Kwa nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60, hilo ni ongezeko la shilingi 14,000 kwa mwezi. Akiba halisi inabaki kama 138,000. Bado ni nyingi. Chukua bei ya pikipiki ya umeme, toa bei ya ile ya petroli, gawanya kwa namba hiyo, utajua ni miezi mingapi mpaka ya umeme irudishe nyongeza yake.

Halafu uliza betri itadumu muda gani. Ya asidi ikimalizwa kila siku huvumilia kuchajiwa mara 300 hadi 500. Kwa bodaboda huo ni mwaka mmoja na kidogo, kisha unanunua sita nyingine. LFP nzuri huvuka mara 2,000, yaani zaidi ya miaka mitano ya kuchaji kila siku. Hapo ndipo bei ndogo ya asidi inapogeuka kuwa kubwa.

Soketi, baridi na kukatika

Wiki ya pili ya majaribio niliamka usiku kwa harufu ya plastiki. Ekstensheni niliyochomekea chaja ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia kwenye tundu moja, na ukuta nyuma yake umepata joto kali. Chaja inavuta wati 900 hivi, pungufu ya pasi, lakini hakuna anayepiga pasi saa nne mfululizo. Nilimwita fundi umeme akavuta waya mnene kutoka kwenye meni swichi mpaka bandani, na soketi yake peke yake. Gharama hiyo iingize kwenye bei ya pikipiki tangu mwanzo. Na betri usiilaze chumba cha watoto wala kwenye mlango ambao ndio njia yenu ya kutokea. LFP ni tulivu kuliko lithiamu za aina nyingine, lakini moto wa betri hauzimwi na ndoo ya maji.

Kuhusu baridi, jambo la kushika ni hili: LFP haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika kwa ndani bila kukuonyesha. Uyole hatufiki huko ndani ya nyumba, hata Julai. Ndugu zangu wa Makete na Kitulo, ambako barafu inalala kwenye majani, ichajieni ndani, na iliyolala nje ipumzisheni kwanza ipate joto.

Umeme kukatika? Zamani bwawa la Mtera likikauka tulijua mgao umefika. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na uhaba wa namna ile umepungua. Ila mti ukiangukia nyaya za mtaa wenu wakati wa masika, bwawa halikusaidii. Kigali, mji wa vilima kama wetu, kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwabadilishia madereva betri: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unaondoka. Kituo cha namna hiyo kikiwa njiani mwako, nusu ya niliyoandika juu ya chaji yanabadilika. Kisipokuwepo, nunua yenye betri inayotoka, ubebe ndani.

Fundi na spea

Hapa petroli inashinda bila ubishi. Fundi wake yuko kila kijiwe, spea ziko Mwanjelwa, na hata Chunya ndani utapata klachi. Ya umeme haina oili, haina plagi ya kuchoma, haina klachi, na zenye mota ndani ya rimu hazina hata cheni. Vitu vinavyoharibika ni vichache, ila kontrola ikiungua unaweza kukaa wiki nzima ukisubiri basi kutoka Dar es Salaam, na wiki bila kazi ni hela. Tulipita maduka matatu tukiuliza swali moja: "Nionyeshe kontrola na chaja ya akiba." Mmoja tu alifungua droo akatoa. Tulinunua kwake. Na hii ya kuosha kwa mashine ya presha iacheni. Mvua ya Rungwe inaihimili, ila maji ya presha yanapenya kwenye viungio vya waya.

Kaka yangu aliuliza na gari

Yeye yuko Iringa, anataka gari la kutoka Japani, na amekwama kati ya Toyota Aqua na Nissan Leaf. Aqua ni haibridi: ina injini na betri ndogo, haichomekwi popote, inakunywa lita moja kwa kilomita 20 hivi. Leaf ni ya umeme mtupu, za mwanzo zina betri ya uniti 24, baadaye zikaja za 30 na 40.

Kwa matumizi ya mjini Iringa, kupanda kutoka Ipogolo na kurudi, Leaf inamgharimu chini ya nusu ya Aqua kwa kilomita. Betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, kwa hiyo joto ndilo adui yake, na ubaridi wetu unaitunza. Ila ya kutumika lazima uangalie vijistari vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji. Mpya ina 12. Yenye 9 imebakiwa na theluthi mbili hivi ya betri, na kwa ile ya uniti 24 utembee kilomita 80 hadi 90 mjini, chini ya hapo ukiwasha hita asubuhi ya Juni. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kama ndilo gari pekee la nyumba, nilimwambia achukue Aqua.

Akiwa nayo Kitonga, akumbuke kitu kimoja. Betri ya Aqua haifiki hata uniti moja, inajaa mapema kwenye mteremko, na ikijaa breki za kawaida zinabeba mzigo wote. Aweke gia kwenye B ili injini ishikilie. Leaf nayo ina la kwake: ukiijaza mpaka 100 ukiwa juu ya mlima kisha ukaanza kushuka, umeme wa kurudi hauna pa kwenda. Anayekaa juu aijaze 80, mteremko utaongeza.

Kusubiri au kununua sasa?

Mtoto alisoma habari za betri za sodiamu, akaniuliza kama tusubiri. CATL ya China ilizionyesha mwaka 2021, na sifa yake inayotuhusu ni kustahimili baridi: kampuni ilisema kwa nyuzi 20 chini ya sifuri betri inabakiwa na asilimia 90 ya uwezo. Hazihitaji lithiamu, na chumvi ya sodiamu iko tele duniani. Ni teknolojia ninayoitazamia kwa hamu, hasa kwa watu wa Makete. Lakini hesabu ya tajiri inalipwa kila jioni, na kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa kumtajirisha mwingine.

Tulichukua ya LFP, volti 72, ampia-saa 40, boksi linalotoka. Kama angekuwa dereva wa Chunya, au wa kupeleka watu Tukuyu na kurudi mara mbili kwa siku, ningemnunulia ya petroli bila kusita. Yeye anazunguka mjini na anakula mchana nyumbani, saa mbili za chakula na kupumzika zinamwongezea chaji ya kumfikisha jioni. Abiria wa Tukuyu anampa mwenzake wa petroli, na mwenzake anamwachia wa Mwanjelwa. Vimo vya njia zake zote vimeandikwa kwa wino kwenye karatasi, ameibandika ndani ya kifuniko cha kiti, na wiki iliyopita nilimwona akimsomea kijana mwingine wa kijiwe aliyekuja kuuliza.